Kebabu za Athens: Lefteris, Thanasis au Kostas? Na ipi inafaa kuigwa kwetu

Nyamafundi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe maduka makongwe ya kebabu na suvlaki (nyama ya kijiti) katikati ya Athens, yale yasiyo na madoido: jiko, kaunta, karatasi, basi. Niliyonayo ni haya:

1. Lefteris o Politis, mtaa wa Satovriandou, jirani na Omonia, lipo tangu 1951
2. O Thanasis, mtaa wa Mitropoleos, Monastiraki, tangu 1964
3. Kostas, uwanja wa Agia Eirini, lilifunguliwa 1950 (hakikisheni kwanza kama bado lipo wazi)

Maswali mawili. Mtu anayepita Athens kwa saa chache na tumbo lake lina nafasi ya sehemu moja tu, aende wapi na aagize nini? La pili, kati ya hizo ni ipi inayoweza kutengenezwa Dar au Mombasa kwa nyama ya kwetu na mkaa wa kwetu, bila kuporomokea motoni? Gyros sijaiweka kwa sababu inataka mashine ya kuzungusha, ila mwenye hoja ailete.

---

Mwana_Kypseli

Mkuu, hivyo ni vyakula vitatu tofauti. Tuvitenganishe kwanza, maana anayekwenda Kostas akitafuta kebabu ya Lefteris atarudi analalamika bila sababu.

Lefteris ni kebabu ya nyama ya kusaga yenye pilipili, ndani ya pita (mkate bapa) iliyopitishwa motoni, pamoja na nyanya, kitunguu na majani ya pasli. Tzatziki (mtindi wenye tango na kitunguu saumu) haipo, chipsi hazipo, na menyu ya kukalia na kusoma haipo. Unataja idadi, unalipa, unakula umesimama. "O Politis" ni mtu wa Polis, yaani Konstantinopoli, na chakula kimetoka huko huko. Baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyoisha 1922, na mkataba wa Lausanne wa 1923 wa nchi hizo kubadilishana watu, Wagiriki wengi wa Asia Ndogo na Waarmenia walihamia Athens na Piraeus wakaja na mikono yao ya jikoni: bizari nyembamba, pilipili, kondoo, mtindi. Ndiyo maana hadi leo Nikaia, mtaa ulioanza kama makazi ya wakimbizi nyuma ya Piraeus, watu huenda makusudi kula kebabu.

Thanasis naye ni kebabu ya kusaga, mchanganyiko wa ng'ombe na kondoo, lakini pale wengi hula kwenye sahani: kebabu zimelazwa juu ya pita, na nyanya na kitunguu pembeni. Ni pakubwa, meza ziko nje, watalii wamejaa. Ukisimama kaunta ya kuchukua unapata ya kwenye karatasi kwa haraka.

Kostas wa Agia Eirini ni habari nyingine kabisa. Pale ni kalamaki, yaani vipande vya nguruwe kwenye kijiti, na bifteki (nyama ya kusaga iliyobapwa), na kinachomtofautisha ni mchuzi wa nyanya wenye pilipili pamoja na mtindi. Alikuwa akifanya kazi mchana, na nyama ikiisha siku imeisha. Angalizo: kuna Kostas mwingine mtaa wa Pentelis karibu na Syntagma, naye wa zamani vilevile (1946). Wengi huchanganya hawa wawili kwenye ramani.

Jibu langu kwa swali la kwanza ni Lefteris, pita mbili. Duka linalouza kitu kimoja halina pa kujificha: nyama haikai, pita haikai, kitunguu kimekatwa asubuhi hiyo. Menyu ikifika kurasa nne, mahali fulani kwenye friji kuna kitu kinachongoja mteja.

---

Bandarini_Piraeus

Nakubaliana na kila kitu isipokuwa hitimisho. Mwuliza swali kasema "saa chache", kwa hiyo saa ya kufika ndiyo inayoamua.

Ukitoka meli Piraeus, treni ya mstari wa 1 (ya kijani) inakufikisha Monastiraki kwa kama dakika 20, na Omonia ni kituo kimoja mbele. Tiketi ya kawaida ni euro 1.20 na inatumika dakika 90. Ukitoka uwanja wa ndege ni mstari wa 3 hadi Monastiraki, dakika 40 hivi, tiketi euro 9, na treni za kule hupita kila baada ya nusu saa na ushee, hivyo weka akiba ya muda wa kurudi.

Ukifika mchana, nenda Lefteris. Ukifika saa 4 usiku, habari za Kostas zisahau, nenda Thanasis, kwa kuwa ndiye anayehudumia hadi usiku mwingi na jiko lake bado lina moto wa kweli, si nyama iliyopashwa. Na kama unakaa chini, agiza yaurtlu: pita iliyokatwa vipande chini, mchuzi wa nyanya, kebabu juu, kisha mtindi mzito. Hiyo huwezi kuila umesimama na mzigo mkononi, na Lefteris hakukusudia kukulisha hivyo.

Kwa bei, pita moja katikati ya mji siku hizi ni kama euro 4 hadi 5. Sahani Monastiraki ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwenye bajeti ndogo asikae mezani.

Kati ya Omonia na Monastiraki ni kilomita moja tu kwa mtaa wa Athinas, na njiani unapita soko la Varvakios, soko kuu la nyama. Pita humo hata kama hununui. Utaona jinsi wanavyokata bega na kidari kwa ajili ya kusaga, na hilo litakusaidia kwenye swali lako la pili.

---

AbuSalim_Msa

Salaam aleikum. Kabla watu hawajafunga safari, tuweke wazi jambo la nguruwe, maana wasomaji wengi humu linawahusu.

Ugiriki, suvlaki ukiitaja bila kufafanua unapewa nguruwe. Gyros vilevile: nguruwe ndiyo kawaida, kuku ni chaguo la pili. Kalamaki hali kadhalika. Kwa hiyo Kostas, kwa Muislamu, mtoe kwenye orodha hata kwa bifteki, kwa sababu wavu ni mmoja, koleo ni moja na mafuta yanadondokeana.

Maneno ya kubeba: hirino ni nguruwe, moshari ni ng'ombe, arni ni kondoo, kotopulo ni kuku. Uliza "Ehi hirino?" (ina nguruwe?) kabla ya kulipa. Tena uliza kwa kila sehemu, maana kuna maduka yanayochanganya nguruwe kwenye kebabu ya kusaga ili kuongeza mafuta kwa bei nafuu.

Na nyama kutokuwa na nguruwe hakuifanyi halali. Uchinjaji ni suala jingine. Anayetaka halali aende mitaa ya Menandrou na Geraniou, nyuma ya Omonia, kwenye maduka na migahawa ya Wapakistani na Wabangladeshi. Haitakuwa kebabu ya Lefteris, itakuwa seekh kebabu, lakini kwa anayejifunza kazi ya mkono ni ndugu wa karibu sana: nyama ya kusaga, chuma bapa, mkaa.

---

Fundi_Jiko

Naileta gyros, wao hutamka yiro, kwa sababu Dar na Mombasa mashine za shawarma zimejaa, hivyo kikwazo alichotaja mwanzisha mada si kikubwa.

Yiro ya Ugiriki ni vipande vipana vya nyama nzima, bega na shingo, vimepangwa kwenye mhimili, kimoja konda kimoja chenye mafuta. Si nyama ya kusaga. Yale makoni laini ya ng'ombe na kondoo yaliyosagwa yalienezwa na viwanda vya Chicago miaka ya 1970, na ndiyo yanayojulikana Marekani kote. Ukiiona koni Athens ambayo uso wake ni laini mithili ya mshumaa, usiinunue.

Udhaifu wa yiro uko kwenye kasi ya wateja. Wateja wakiwa wachache, tabaka la nje linakauka na kuwa gumu. Wakiwa wengi mno, mkataji anaingia kwenye nyama ambayo haijaiva, kisha anaimalizia kwenye bamba, na hapo unakula nyama iliyochemka kwa maji yake. Kuna saa mbili au tatu tu kwa siku ambapo yiro iko sawasawa. Kebabu ya mkaa haina tatizo hilo, inachomwa mteja akiwa amesimama, na ndiyo maana duka dogo la kebabu linaweza kuwa zuri saa 5 asubuhi na likawa zuri saa 9 alasiri.

Kwa mtu anayeanza biashara ndogo, yiro pia inakulazimisha kupanga kilo 10 au 15 kwa mara moja ili mhimili uive vizuri. Usipoziuza siku hiyo, umepoteza. Koni iliyobaki haipozwi ikarudishwa motoni kesho yake. Katikati inakuwa vuguvugu kwa saa nyingi na bakteria wanapata walichotaka. Kebabu unakanda kilo 2, ukiuza unakanda nyingine.

Kwa hiyo kwa swali la pili nasema wazi: iga kebabu, achana na yiro.

---

Nyamafundi

Nimeshawishika. Basi tushuke kwenye kebabu ya mtindo wa Lefteris: ya kusaga, pilipili, pita, nyanya, kitunguu, pasli. Naomba vipimo kwa gramu, si "kiasi".

---

Bi_Mkaa

Kwa kilo 1 ya nyama, inayotoa kebabu 22 ndogo, mbili mbili kwa pita 11:

- ng'ombe, bega au kidari, g 700
- kondoo, bega lenye mafuta yake, g 300
- chumvi g 16
- kitunguu maji g 100, kikunwe kisha kikamuliwe kwenye kitambaa
- kitunguu saumu punje 2
- bizari nyembamba g 4, ikaangwe kavu na kusagwa siku hiyo
- pilipili manga g 3
- pilipili kavu ya kusaga g 4 (anza na g 2 kama hujui ukali wake)
- pasli g 20, ikatwe ndogo, ikiwa kavu kabisa

Hiyo ni yangu kwa mtindo huo. Duka halitoi siri yake na hatuihitaji. Mayai, mkate na unga wa chenga usiweke. Hivyo ni vya bifteki na keftedhe (vidonge vya nyama). Kebabu inashikwa na protini ya nyama yenyewe, na protini hiyo haitoki mpaka kuwe na chumvi, baridi na kukandwa.

Utaratibu. Kata nyama vipande, uviweke kwenye friji ya kugandisha kwa dakika 30 hadi 40, vigande kingo tu. Saga mara moja kwa sahani ya matundu ya mm 5 au 6. Wachinjaji wengi wa kwetu husaga mara mbili kwa tundu dogo, na matokeo ni uji; mwambie mara moja. Weka chumvi kwanza, kanda kwa kiganja dakika 5 hadi 7, ukisukuma na kukunja kama unga wa chapati, mpaka nyama ianze kunata kwenye mkono na ukigeuza kiganja chini donge lisianguke. Hapo tu ndipo unaweka viungo na kitunguu, unachanganya dakika moja, unafunika, unaweka kwenye friji saa 4 hadi 12. Kitunguu kikiwekwa mwanzo kinatoa maji na mkono wako hautajua kama nyama imeshikana.

Kuunda: lowesha mikono, chukua g 50, ubane kwenye chuma bapa chenye upana wa sm 1. Urefu wa kebabu sm 10, unene usizidi sm 2.5. Finya ncha zote mbili zishike chuma, kwa sababu kebabu huanza kuachia kutoka nchani.

Kuchoma: makaa mekundu yenye majivu meupe juu, sm 10 chini ya nyama. Kiganja chako kiweze kuvumilia hapo sekunde 2 hadi 3, si zaidi. Usiiguse dakika moja na nusu ya kwanza. Ikishika ngozi, geuza, kisha endelea kugeuza kila dakika. Jumla dakika 6 hadi 8. Nyama ya kusaga iive hadi nyuzi 71 ndani, hili si la kubahatisha kama steki, kwa sababu bakteria waliokuwa juu ya nyama sasa wako katikati yake.

---

Msosi_Arusha

Vipimo vya Bi Mkaa ni sahihi kwa nyama ya Ugiriki. Kwa ng'ombe wetu wa zebu aliyekula nyasi, g 700 za bega zitakupa kebabu kavu, hata ukifuata kila hatua. Mchanganyiko mzima unapaswa uwe na mafuta asilimia 20 hadi 25. Bega la zebu halifiki hapo hata kidogo.

Tunavyo vitu viwili ambavyo Athens hawana kwa urahisi. Cha kwanza ni nundu. Nyama ya nundu imeingiliana na mafuta, laini, na haidondoki yote motoni kwa mara moja. Cha pili ni mafuta ya mkia wa kondoo wetu, mafuta ya joto la chini yanayoyeyuka mdomoni. Kwa kilo 1: ng'ombe konda g 550, nundu g 250, kondoo g 120, mafuta ya mkia g 80. Mkia ukizidi hapo harufu yake inatawala na wateja wengine watakataa.

Mafuta ya kwenye figo msiyatumie. Ni magumu, yanaganda yakipoa, na mteja akichelewa dakika tano anabaki na utando kwenye kaakaa. Kebabu nyingi za kwetu zinazolalamikiwa kuwa "nzito" tatizo lake ni hilo.

Na nyama ya asubuhi ya kuchinja ipumzishe angalau siku moja kwenye baridi kabla ya kusaga. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri na kusagwa saa 3 asubuhi bado misuli imekakamaa, hutoa kebabu inayojikunja na kuruka mdomoni.

---

Dada_Tanga

Asanteni kwa maelezo. Naomba kusaidiwa: kebabu zangu zikiwekwa motoni, zinapasuka katikati na nusu inaangukia kwenye mkaa. Chuma ni cha duara, kama vya mishikaki. Chumvi na viungo vinawekwa pamoja, kukanda ni kama dakika mbili.

---

Bi_Mkaa

Dada, umeshataja sababu tatu. Kukanda dakika mbili hakutoshi. Chumvi ikiingia pamoja na vitu vyenye maji haifanyi kazi yake kwenye nyama. Na chuma cha duara kinazunguka ndani ya kebabu: ukigeuza chuma, nyama inabaki upande wa chini, mafuta yanalainika, inaachia. Kama vyuma bapa hupati, tumia vijiti viwili sambamba, sm 1 kati yake.

Zipo dalili nyingine za kuangalia, maana kila kasoro ina alama yake:

Ikipasuka kwa urefu, nyama iliingia motoni ikiwa na joto la chumba, au mafuta yalishaanza kulainika wakati wa kukanda. Rudisha kwenye friji dakika 30 baada ya kuunda.

Ikianguka vipande vipande, maji ya kitunguu. Kamua zaidi. Mabaki ya maji hayo yaweke kwenye mchuzi, usiyatupe.

Ikiwa ngumu na yenye kuruka mfano wa soseji, umekanda kwa mashine au umepitiliza muda. Mashine ya kukandia unga hufanya kwa dakika mbili kazi ya mkono ya dakika saba.

Ikiwa nyeusi nje na mbichi ndani, mafuta yanawaka miali. Miali si moto wa kuchomea. Sogeza kebabu pembeni hadi miali izime, na usimwagie maji, majivu yatarukia nyama.

Ikiwa ya kijivu bila rangi, moto mdogo. Wengi huogopa kuunguza, wanachoma kwa dakika 15, nyama inatoa maji yote na kuchemka.

---

Mwana_Kypseli

Msisahau pita, maana nusu ya ladha ya Lefteris iko kwenye pita iliyokutana na mafuta ya nyama. Pita ya Ugiriki haina mfuko ndani. Haifunguliwi kama ya Lebanoni, inakunjwa. Kwa hiyo chapati itawafaa kuliko pita za supamaketi zenye mfuko, ingawa chapati ina mafuta tayari na inakuwa nzito haraka.

Kwa pita 10: unga wa ngano g 500, maji ya vuguvugu ml 300, hamira kavu g 7, chumvi g 10, mafuta ya zeituni ml 20. Kanda dakika 8 hadi 10, uumuke saa moja (Dar dakika 40 zinatosha kwa joto lile). Gawa madonge ya g 83 hivi, yapumzike dakika 15, sukuma hadi upana wa sm 17 na unene wa mm 5. Toboa kwa uma pande zote. Hatua hii hairukwi, matundu ndiyo yanayozuia isivimbe na kutengeneza mfuko. Kaanga kavu kwenye kikaango kizito, dakika moja au zaidi kidogo kila upande, itoke ikiwa nyeupe na madoa machache. Ifunike kwa kitambaa. Iliyokaushwa sana hatua hii itavunjika ukiikunja.

Wakati wa kuuza, paka mafuta kidogo, weka kwenye wavu sekunde 30 kila upande. Kisha, hili ndilo la muhimu, ilaze pita juu ya kebabu zikiwa bado motoni kwa sekunde kumi. Inanyonya mafuta na moshi. Wachomaji wa zamani hubana nyama kwa pita na kuvuta chuma kwa mkono mwingine, bila koleo.

---

Bandarini_Piraeus

Ndani ya pita mpangilio una maana. Kitunguu kikatwe nyuzi nyembamba, kichanganywe na pasli na chembe ya chumvi dakika 10 kabla, kisha kikamuliwe kidogo. Nyanya zikatwe vipande vya nusu mwezi, mbegu zenye maji ziondolewe. Weka kebabu kwanza katikati ya pita, nyanya pembeni yake, kitunguu juu. Nyanya ikikaa chini, pita inalowa kabla mteja hajafika kona.

Kuhusu tzatziki, najua wengi humu wataiongeza. Kwa kalamaki sawa, kwa kebabu yenye bizari na pilipili inafunika kila kitu. Kama mteja anataka kitu cha kupoza, mpe mtindi mtupu uliochujwa kwenye kitambaa usiku mzima, kijiko kimoja. Kitunguu saumu tayari kiko kwenye nyama.

---

Fundi_Jiko

Jiko. Hapa ndipo vibanda vingi vinakosea, kwa kutumia wavu. Kebabu ya kusaga ikilala kwenye wavu inanasa. Unataka jiko refu jembamba lisilo na wavu: upana wa ndani sm 18 hadi 20, urefu mita 1, vyuma vikipumzika kwenye kingo mbili, nyama ikining'inia katikati. Karatasi ya chuma ya mm 3, nyembamba zaidi inapinda. Matundu ya hewa ya mm 12 kila sm 8, upande wa chini, na kibati cha kuyafunga ili uweze kupunguza moto upande mmoja na kuacha mwingine ukiwaka.

Umbo hili ni la kale mno. Huko Akrotiri, kisiwa cha Santorini, kwenye mji uliofukiwa na volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, vimechimbuliwa vishikilio vya udongo vya mishikaki: jozi zinazosimama sambamba, juu zina mikato ya kulaza vijiti, chini zina matundu ya kupitisha hewa kwenye makaa. Mhunzi wa Gerezani, Dar, akichorewa picha hiyo atajua cha kufanya bila maelezo.

Mkaa uwe wa mti mgumu, vipande vya ukubwa wa ngumi. Mkaa wa mti laini unalipuka cheche na unakwisha kabla ya foleni. Usianze kuchoma kabla ya dakika 30 tangu kuwasha. Anzisha mkaa mpya kwenye jiko dogo pembeni, uhamishie ukiwa mwekundu. Ukitupa mkaa mweusi chini ya nyama, moshi wake mchungu unaingia kwenye kebabu zote zilizo juu.

---

Nyamafundi

Swali la mwisho kutoka kwangu, hesabu ya pita 100 kwa siku ya kwanza?

---

Msosi_Arusha

Nyama kilo 9 na nusu kwa uwiano wa nundu niliotoa, ambayo pamoja na kitunguu na pasli inavuka kilo 10, yaani g 100 kwa pita na ziada kidogo ya zitakazoharibika. Motoni itapungua robo hadi karibu theluthi ya uzito, hivyo usimwahidi mteja g 100 zilizoiva. Chumvi g 152, ipime, usikadirie. Unga kilo 5, maji lita 3, chumvi ya unga g 100, mafuta ml 200. Hamira kwa wingi huu punguza hadi g 50, donge kubwa linajitunzia joto na huumuka haraka. Nyanya kilo 5, kitunguu cha kujazia kilo 3 mbali na cha kwenye nyama, pasli ya kujazia g 300.

Usikande kilo zote kwa mara moja. Gawa mara tatu. Ya kwanza iundwe kwenye vyuma kabla ya kufungua, ya pili ikae imekandwa kwenye friji, ya tatu ibaki nyama iliyosagwa bila chumvi. Biashara ikilala, ile ya tatu bado unaweza kuipika rojo jioni hiyo. Iliyokwisha tiwa chumvi na kitunguu, mwisho wake ni kesho mchana, na hapo friji iwe chini ya nyuzi 4 kweli kweli, si friji ya soda inayofunguliwa kila dakika.

---

Dada_Tanga

Pasli sokoni kwetu ni ya kubahatisha. Giligilani inafaa?

---

Bi_Mkaa

Kwenye kitunguu cha juu, weka, itapendeza. Ndani ya nyama hapana, ikipata moto inapoteza harufu nzuri na kubaki na uchungu, na ikikutana na bizari utapata kababu ya Kihindi, tamu lakini si hii. Ukikosa pasli, saga nyama bila majani yoyote na uongeze kitunguu kidogo juu. Mashina ya pasli ukiipata usitupe, yakate ndogo sana uyatie kwenye nyama, yana ladha kuliko majani na hayatoi maji mengi.